Vavu Mbili na Eda ya Mama

Juzi tulimnyoa kitukuu changu nywele za uzazi. Kazi hiyo huachiwa mimi, kwa sababu mkono wangu bado hautetemeki na hawa mama wa siku hizi wanaogopa wembe. Nikakaa mkekani, mtoto kapakatwa na mamake, bakuli la maji pembeni, nikafungua wembe mpya. Nyinyi wa rika langu mnaijua ile karatasi ya ndani, nyembamba, ina mafuta kidogo ili chuma kisishike kutu. Harufu ile ikanipanda puani, nikasita. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, amshike mtoto kichwa vizuri asitapetape. Nikanyoa mpaka nikamaliza, nywele tukazifunga, watu wakala wakaondoka, nami nikabaki peke yangu ghorofani hapa Michenzani na ile karatasi mkononi. Sikuitupa mpaka magharibi.

Harufu ile kwangu si ya kunyolea. Ni harufu ya pikipiki ya baba.

Tulikuwa tukikaa Mkunazini, chumba cha chini, mlango unafunguka moja kwa moja kichochoroni. Baba alikuwa mtu wa chanjo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shamba na sanduku la dawa nyuma ya pikipiki, kuwachanja watoto skuli kwa skuli. Leo Nungwi, keshokutwa Chwaka na Uroa, wiki ya pili yake Makunduchi. Barabara wakati huo ilikuwa mawe matupu ukishatoka mjini, na magari ya kuhesabu. Chombo kikikufia njiani umelala huko huko, na dawa zimeharibika kwa joto. Kwa hiyo baba alikuwa na ada moja ambayo sijamwona akiivunja: kila Ijumaa alfajiri, akisharudi msikitini, anapima vavu.

Kwa asiyejua, nitamweleza kama nilivyoelezwa mimi. Juu ya injini ile mna milango miwili midogo ya chuma. Mmoja unaingiza petroli na hewa, mmoja unatoa moshi. Hizo ndizo vavu. Kila mmoja unasukumwa na kidole cha chuma, na baina ya kidole na vavu lazima uache nafasi, nyembamba mno, maana chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi ikizidi, vinagongana tak-tak-tak na pikipiki inakosa nguvu mlimani. Mafundi wana vibati vyao vya kuipimia nafasi hiyo. Vya baba vilipotea zamani, akawa anatumia wembe. Wembe mmoja kwa vavu ya kuingiza, nyembe mbili pamoja kwa vavu ya moshi, kwa sababu ya moshi ndiyo inayokaa motoni zaidi.

Injini lazima iwe imelala usiku kucha, iwe baridi kabisa. Baba huchomoa plagi, anaingiza spoku ya baiskeli kwenye tundu lake, halafu anazungusha gurudumu la nyuma pole pole mpaka spoku inapanda mwisho wake na vidole vyote viwili vinachezacheza. Hapo analegeza nati, anageuza skrubu kidogo kwa bisibisi, anapitisha wembe. Upite, lakini usipite bure, usikie unakamata, kama unapovuta uzi katika kitambaa. Kisha anakaza nati, na anapima tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu. Kazi yangu ilikuwa kuufungua wembe katika karatasi yake na kumpa, na kuupokea na kuufuta. Hakuwa akizungumza. Nami sikuwa nikiuliza. Nilikuwa nikitazama, na mtoto anayetazama bila kuuliza hujifunza mikono lakini hajifunzi sababu.

Sasa hata ukipima vavu zile vizuri kiasi gani, hazikosi kulia kidogo. Ndivyo zinavyotakiwa. Katika kichochoro chetu, kuta ndefu huku na huku, mlio ule ulikuwa mkubwa. Baba akirudi shamba nilikuwa naanza kumsikia kabla hajapinda kona, na majirani nao wanamsikia. Bi. Zuwena wa juu, mjane, alikuwa anasema pikipiki ya Salum imemfundisha kusoma uradi kwa sauti. Mama hakuwa anasema kitu. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mrefu, mwepesi wa kazi, na siku zote nilimwona kakaa mlangoni akisuka ukili, mikono inakwenda na macho hayapo.

Siku aliyoondoka, alikuwa anakunja kanga zake moja moja na kuzitia katika kikapu kikubwa. Baba kasimama, kofia mkononi, ndiyo kwanza karudi safari ya siku nne. Waliyozungumza kabla ya hapo sikuyasikia, nilikuwa nimetumwa chumvi. Nilipoingia nilimkuta mama anasema, wala hakupaza sauti, "Chombo chako hicho kinanigonga kichwani, Salum. Siku kikinyamaza nitakaa na wewe." Baba akamwambia kama ni hivyo basi na aende, akamtamkia talaka moja. Mama akachukua kikapu chake. Akanibusu utosini akaniambia nisome. Mimi niliachwa mjini kwa ajili ya skuli, ndivyo nilivyoambiwa.

Hebu fikirini mtoto wa miaka tisa. Amesikia kwa masikio yake kwamba mama anaondoka kwa sababu ya mlio wa pikipiki. Nilikuwa sijui kwamba mtu mzima anaweza kusema jambo moja akakusudia jengine. Nikaamini kama ninavyoamini mchana na usiku.

Miezi ile mitatu ya eda sina namna ya kuieleza ila kusema ilikuwa mirefu. Kwa wadogo watakaosoma hapa, eda ni ule muda ambao mwanamke aliyeachwa hukaa akingoja, tohara tatu anazozihesabu mwenyewe, miezi mitatu hivi, na katika muda huo mume aliyetoa talaka moja anaweza kumrejea mkewe kwa neno tu, bila ndoa mpya. Ukimalizika bila neno, mwanamke yuko huru. Baba alikuwa na miezi mitatu ya kusema neno moja. Hakulisema. Alikuwa anangoja mama atume salamu, na mama, ndivyo nilivyodhani, alikuwa anangoja baba aende. Ukaidi wa watu wawili, na mimi kichochoroni.

Nikirudi skuli nilikuta mlango umefungwa, ufunguo uko chini ya jiwe. Bi. Zuwena alikuwa ananishushia chakula kwa kikapu na kamba kutoka dirishani kwake, kwa sababu miguu yake haikuwa mizuri kwa ngazi. Kikapu kinateremka, nachukua sahani, napiga kamba mara mbili, kinapanda. Siku nyingine hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ninayoisikia mpaka usingizi. Siku za safari ndefu, baba aliponiacha na Bi. Zuwena, nililala kwake juu na kusikiliza barabara. Nilikuwa nakaa na mgongo ukutani nikiuhesabu mlio wa kila chombo kinachopita mbali, Darajani huko, mpaka nikijue si cha baba. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimezika, lakini upweke wa namna ile sijaupata tena, kwa sababu mkubwa akiwa peke yake anajua kwa nini.

Wiki ya mwisho Mjomba Pandu, kakake mama, akatuma neno kwa mtu aliyekuja na gari la shamba. Alisema eda ya dadake inamalizika Ijumaa jua likizama. Kama Salum anamtaka mkewe, na aje mwenyewe, asitume barua. Baba alikaa na neno lile siku tatu. Angeweza kumrejea pale pale barazani mbele ya wazee wawili, yakesha. Lakini hakutaka mambo yake yasikiwe na kichochoro kizima, na nadhani alitaka kumwona mama uso wake atakapolisikia. Alhamisi akaniambia, huku anapiga pasi kanzu yake, "Kesho tukishasali tunakwenda kumchukua mamako." Nilishindwa kula.

Alfajiri ya Ijumaa akapima vavu kama kawaida, na kwa safari ile alizipima mara mbili. Nilimpa wembe, nikampa nyembe mbili. Akafunga, akafuta mikono, akaenda kazini kwa miguu kutia saini. Akarudi kuoga, akavaa, akanitia mafuta nywele mwenyewe, vibaya, akaenda msikitini.

Mnajua mji ulivyo wakati wa sala ya Ijumaa. Wanaume wote wamo misikitini, maduka yamefungwa, kichochoro kinakuwa kama kimehamwa. Nilikaa na gauni langu la sikukuu naitazama pikipiki. Nikawa nawaza: tutafika Makunduchi, chombo kinalia vile vile tak-tak-tak, mama atatusikia tangu mbali, atasema hakijanyamaza, hatakuja. Na mimi najua kinapolilia. Nimeona mara ngapi. Kinalia pale penye nafasi. Basi nikiiondoa nafasi, kitanyamaza.

Nikavua gauni lisije likaingia oili, nikabaki na shimizi. Nikatoa vifuniko viwili. Baba alikuwa kaiacha injini pale pale alipoipimia, na vidole vilikuwa vinacheza. Nati ilikuwa ngumu. Spana iliniteleza mara mbili ikaikwangua pembe, na mara moja ikanipiga kifundo cha kidole. Nikalegeza, nikakaza skrubu mpaka kidole hakichezi tena. Kisha nikakaza kidogo zaidi, kwa kupenda kazi iwe nzuri. Ya pili hivyo hivyo. Nikarudisha vifuniko, nikanawa kwa sabuni ya mche mara tatu, nikavaa gauni. Baba aliporudi alinikuta kizingitini nimekaa kimya na mikono mapajani, akasema leo naonekana kama biharusi.

Akapiga kiki. Iligoma kidogo, kisha ikawaka. Na haikulia. Ilikuwa inanguruma laini, chini chini, kama paka. Baba akainamisha kichwa akasikiliza, akafanya uso wa mtu anayetaka kukumbuka kitu.

"Leo imetulia," akasema.

"Ndiyo, baba. Hailii."

Kazi alikuwa kaifanya kwa mkono wake alfajiri ile, na muda ulikuwa unakwenda. Akanipandisha nyuma, pale panapokaa sanduku la dawa. Tukatoka. Mwanakwerekwe, Tunguu, upepo unapuliza gauni langu, nami nimemkumbatia baba kiuno, kanzu yake inanukia udi. Furaha niliyokuwa nayo! Kwa saa ile moja nilikuwa mtoto aliyeponya nyumba yake kwa spana, na hakuna aliyejua. Nimepata furaha nyingine katika maisha lakini hiyo naikumbuka kwa aibu.

Tulipoingia msitu wa Jozani ikaanza kukosa nguvu. Baba akapunguza gia. Ikakohoa, ikapiga mlio kama risasi katika ekzosi, kima wakakimbia mitini. Tukaenda hatua chache tena, ikafa. Joto lilikuwa linatoka injinini unalisikia usoni, na harufu ya chuma kilichoungua.

Baba alishuka bila wasiwasi. Alikuwa mtu wa kuharibikiwa njiani, alijua kusubiri. Akakaa jiweni mpaka chuma kikapoa, akafungua mfuko wa spana, akachomoa plagi, akatia spoku, akazungusha gurudumu. Akaondoa vifuniko. Nikampa wembe kabla hajaomba. Akajaribu kuupitisha, haukuingia. Akajaribu ya moshi kwa wembe mmoja, haukuingia. Akaushikilia pale pale. Kisha akaitazama nati, akapitisha dole gumba juu ya pembe iliyokwanguka. Akageuka akanitazama mimi. Akatazama kidole changu chenye kidonda.

Alichukua bisibisi akaziachia vavu nafasi yake upya, zote mbili, taratibu, kama hana safari. Akapiga kiki. Kiki ikashuka bure, haina kizuizi, kama unakanyaga maji. Akapiga tena na tena, nikawa namwona mgongo wa kanzu unalowa. Vavu ya moshi ilikuwa imeshaungua. Kwa kukosa nafasi, chuma kilipopata moto na kurefuka mlango haukufunga tena, na moto ukapita pembeni yake ukaula. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mimi nimefanya, na kwamba baba anajua.

Tukaanza kuisukuma. Ijumaa mchana, barabara haina mtu. Gari moja lilitupita, nalo lilikuwa linarudi mjini. Baba akasali alasiri kando ya njia, tukasukuma tena. Viatu vyangu vya sikukuu vilinikata, nikavivua. Hakuniambia nipumzike wala hakuniambia niharakishe. Jua lilipokuwa limebaki katika ncha za miti tu, akasimama. Akaisimamisha pikipiki kwa stendi yake, akafuta uso kwa kofia, akaelekea upande wa Makunduchi, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu:

"Nimemrejea mke wangu Mize binti Haji katika ndoa yangu."

Kisha akaniangalia. "Umesikia?"

"Naam, baba. Nimesikia."

"Lishike."

Jua likazama. Tulilala Kitogani kwa watu aliowahi kuwachanjia watoto wao, pikipiki tukaiacha kwao, na asubuhi tukapanda gari la kuni mpaka Makunduchi.

Mjomba Pandu alikuwa barazani na wazee wawili, wamekaa kama watu wanaotungojea, au kama watu waliokwisha kutungojea. Baba akatoa salamu, mimi nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wakaitikia marahaba. Mama alikuwa nyuma ya mlango, naona kanga yake na vidole vya mguu. Baba akaeleza. Alisema chombo kimeharibika Jozani, tumesukuma mpaka kiza, na kabla jua halijazama kamrejea mkewe kwa kauli. Hakusema chombo kimeharibika kwa nini.

Mjomba akauliza mashahidi ni nani. Akajijibu mwenyewe, "Au ni kima?" Wazee wakacheka. Baba hakucheka. Akaniwekea mkono kichwani, akasema alikuwepo mwanawe. Mzee mmoja, hakuwa mbaya, akasema mtoto si shahidi, Bwana Salum, wewe unajua. Hata hivyo, akasema, neno ni la mwanamke. Kama Mize anamsadiki mumewe, nani wa kumkatalia.

Hapo mama akatoka. Nilikuwa sijamwona miezi mitatu. Alikuwa kanenepa kidogo, na macho yake safari hii yalikuwepo. Akaniinamia mimi, si baba.

"Mwanangu. Umemsikia babako akisema, kabla ya jua kuzama?"

Nikamtazama usoni. Nilikuwa nimebeba uwongo mmoja mkubwa tangu jana yake, na huu ulikuwa ukweli, na niliushika kwa mikono miwili.

"Nimemsikia, mama. Kasema nimemrejea mke wangu Mize binti Haji. Jua lilikuwa bado lipo mitini."

Alinitazama muda mrefu. Nikaona kama anataka kunishika uso. Kisha akanyanyuka akamwambia kakake, "Mtoto kafundishwa la kusema. Mimi eda yangu imekwisha na sijarejewa."

Akarudi ndani.

Baba hakubishana. Alishukuru kwa maji aliyopewa, akanishika mkono, tukaenda kungoja gari. Njia nzima nilikuwa nataka aniulize. Laiti angenipiga. Mtoto akipigwa anajua deni lake limekwisha. Nilikuwa nimeharibu na nimeitwa mwongo, na lile nililoitiwa mwongo ndilo nililosema kweli, na lile la uwongo hakuna aliyelitaja. Mtoto hana mahali pa kuyaweka mambo kama hayo. Nikayaweka tumboni.

Pikipiki ililetwa na lori. Vavu mpya ilichukua mwezi kupatikana. Baba aliisugua katika kiti chake cha chuma, pale inapofungia, kwa unga wa kusagia, anaizungusha viganjani kama anayewasha moto, mpaka ikashika mduara wote. Nikakaa mbali mlangoni. Akaniita. Akanipa bisibisi na spana, akanipa wembe, akaniambia nipime mimi. Akasema maneno ambayo kwake yalikuwa mengi: "Vavu unayoisikia ni nzima. Ukiacha kuisikia ndiyo uogope. Muda wote iachie nafasi, usiionee choyo." Hakuongeza, na hakuna siku nyingine aliyokaribia zaidi ya hapo.

Nilipima vavu za baba kila Ijumaa mpaka nikaolewa. Hakuharibikiwa njiani tena kwa sababu ya vavu, na alizunguka kisiwa hiki mpaka alipostaafu. Alioa tena, akaachana, akakaa peke yake. Mama aliolewa Makunduchi akazaa wengine. Nilikuwa nakwenda kumwamkia sikukuu, nala, narudi. Watu wanasema mimi ni mkali, sina maneno matamu. Ni kweli. Wanangu nimewalea nikiwauliza jambo mara moja, na wakinijibu nawasadiki hapo hapo, hata nikijua wananidanganya. Wamenidanganya sana. Nimewaacha. Na miaka yote hiyo niliishi nikijua kwamba nilimwachisha mama yangu kwa bisibisi, kwamba lau nisingezigusa vavu zile tungefika Makunduchi kabla ya alasiri, baba angesema neno lake mbele ya watu, na mimi ningekua na wazazi wangu wote wawili.

Mama alipokuwa hajiwezi nilimchukua, akaja kukaa nami hapa. Wale wanawe wengine wa Makunduchi walikuwa na watoto wadogo, mimi nina nafasi. Tulikuwa wazee wawili katika chumba kimoja, hatuna la kuzungumza ila dawa na uji. Asubuhi moja nilikuwa namsugua miguu kwa mafuta ya nazi, akasema bila mimi kumuuliza, "Siku ile ulipokuja na babako, hukusema uwongo."

Nikaendelea kusugua. Nikamwambia najua.

"Nami nilijua. Ulikuwa ukiongopa unatazama chini. Siku ile ulinitazama mimi."

"Basi kwa nini ukasema nimefundishwa?"

Akautoa mguu mikononi mwangu, akanipa wa pili. "Kilichobaki kunirejesha kilikuwa neno lako. Nilikuwa sitaki kurudi. Sina chuki na babako. Miaka kumi nilikuwa nakaa mlangoni kama mjane ambaye mumewe hajafa. Nikavunja neno lako nikapita."

Nikamweleza habari ya vavu. Sijawahi kumweleza mtu, si mume wangu, si yeyote. Ilinichukua muda kwa sababu ilibidi nimweleze na injini inavyofanya kazi, na yeye hakuelewa. Nilipomaliza akatikisa kichwa kama nimemweleza ndoto.

"Hata mngefika adhuhuri," akasema. "Eda yangu naijua mimi. Ningesema imekwisha asubuhi."

Kisha akaniomba nimsamehe. Nikamwambia nshakusamehe, mama. Nikamfunika miguu, nikampa maji, akalala. Ningepaswa kujisikia mwepesi, na labda nilikuwa mwepesi, lakini ilikuwa ni kama mtu aliyenyang'anywa mzigo aliouzoea akabaki hajui aiweke wapi mikono. Nilisimama dirishani nikamfikiria baba. Alijua nilichokifanya tangu pale Jozani, alipopitisha dole gumba juu ya ile nati. Alinilisha, alinisomesha hadi pale aliposhindwa, aliniozesha kwa heshima, aliwashika wanangu mmoja mmoja akawasomea adhana masikioni. Na muda wote huo alikuwa anaamini kwamba mtoto wake mwenyewe ndiye aliyempotezea mkewe, na hakunitamkia hata kwa hasira. Maneno aliyoyasema mama asubuhi ile hayakuwa yangu mimi. Yalikuwa ya baba, na baba nilikuwa nimeshamzika miaka sita.